Nani Aliyetungiwa Nambari Arubaini na Moja

Mwaka wa themanini na sita, idara moja ya serikali mjini Ibra ilipokea jalada ambalo lilikusudiwa kwenda kwingine. Lakini lilikuwa limeshapigwa muhuri wa Ibra, na muhuri ukishapigwa, hakuna karani mwenye akili zake anayethubutu kusema umekosewa. Ndani yake mlikuwa na amri ya kuandaa tamasha la siku tatu la muziki wa Kizungu, wa ala tupu, kumuenzi mtunzi mmoja aliye hai aitwaye Bwana Edvins Lazdukalns, mzaliwa wa Latvia, mkaazi wa Uswidi.

Mkuu wa idara, Sheikh Mahrous, alilisoma mara mbili, akabadilisha miwani, akaenda kuitafuta Latvia kwenye ramani ya ukutani. Hakuiona. Akamwita karani wake Yaarub, kijana mwenye macho makali, naye akatafuta kuanzia kwenye barafu ya juu mpaka kwenye barafu ya chini, asiione. Ramani ilikuwa ya serikali, na jalada nalo la serikali. Ikabidi iamuliwe kwamba nchi haipo lakini mgeni wake yupo, na mgeni ni mgeni, apokewe kwa heshima zote. Kazi yote akatwikwa Yaarub.

Huyu Yaarub alikuwa mtoto wa Bi Fawziya, na tamasha lile, ingawa serikali mpaka leo inadhani lilikuwa lake, lilikuwa la Bi Fawziya na dada yake.

Bi Fawziya alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Malindi, na aliondoka mwaka wa sitini na nne yeye na mumewe na mtoto mgongoni. Wakakaa Mombasa, wakakaa Dubai, na Oman ilipofungua milango wakarudi kwenye mji wa mababu, Ibra, ambao hawakuwahi kuuona. Mumewe alishafariki. Nyumba ya pili, ukuta mmoja, ilikuwa ya dada yake mkubwa, Bi Azza. Na kwa muda wa miaka kumi na miwili dada hawa wawili hawakuwa wakisemezana.

Watu wengine wakinuniana huepukana. Hawa hawakuepukana hata siku moja. Walikwenda harusi pamoja, maziko pamoja, sokoni pamoja, na popote walipokaa walikaa jirani, kisha wakazungumza kwa kupitia kwa Bi Radhia, jirani yao maskini wa Mungu, ambaye hakuwa amemkosea mtu.

"Radhia, mwambie Azza samli imekwisha. Kama anataka, aende kwake akachukue."

"Radhia, mwambie Fawziya samli yake sina haja nayo. Nilikuwa naangalia sinia."

Na Azza alikuwa amekaa karibu kiasi cha kugusana goti na nduguye. Bi Radhia akageuka kulia, akageuka kushoto, akisema yaleyale ambayo kila mtu ameshayasikia. Shingo ilimwuma mwaka mzima, na alipokwenda kutazamwa aliulizwa anafanya kazi gani, akakosa la kujibu.

Sababu ilikuwa mama yao. Wakati Fawziya anaondoka Unguja, Azza alibaki na mama. Mwaka wa sabini na moja mama akafa. Siku ambayo Fawziya alipata habari, alikuwa Dubai kwenye harusi, mikono ina hina mbichi, yuko katikati ya wanawake anacheza. Mwanamke mmoja aliyefika siku zile kutoka Unguja akamvuta mkono, akamwambia, "Wewe si mtoto wa Bi Zuwena? Mbona unacheza, na mama yako kaburini hana hata siku arubaini na tano?" Fawziya alianguka palepale mbele ya watu. Baada ya siku kumi ndiyo ikafika barua ya Azza. Ilikuwa na mstari mmoja: *Mama ametutoka, Mungu amrehemu.* Haikusema siku, haikusema saa, haikusema aliumwa nini wala nani alimkosha. Fawziya aliisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Azza naye akaja Oman mwaka wa sabini na nne. Fawziya alimpokea mlangoni, akamtengea halua na kahawa kama anavyotengewa mgeni yeyote, akakaa mbele yake kumngoja aeleze. Azza akanywa vikombe viwili, akakitikisa kikombe kama ilivyo ada kuonyesha ametosheka, na asieleze kitu. Basi Fawziya akaapa hatamsemeza mpaka aanze yeye. Miaka kumi na miwili alikuwa anangoja, na hakuna siku aliyoacha kungoja.

Sasa wiki ileile ya tamasha Bi Radhia alileta habari ya mdomo wake mwenyewe. Nadhir, mtoto wa Azza, amepata kazi Sur, na anamchukua mama yake. Ijumaa baada ya sala gari la mizigo litakuja.

Fawziya alisema, "Mwambie safari njema." Kisha akaingia jikoni, akafungua bomba, akasahau kilichomleta, maji yakamwagika mpaka yakafika barazani. Sur si mbali, lakini Bi Radhia haendi Sur. Azza akishaondoka, wasiyosemezana wangeyaacha hivyohivyo mpaka mmoja amzike mwenziwe. Hilo alilijua.

Tamasha likaanza Jumatatu baada ya alasiri, katika ukumbi wa skuli. Wapigaji walikuwa kumi na sita, wametoka Uingereza, wanaume kwa wanawake, wote wamevaa nyeusi kama wamekuja kuzika. Bwana Edvins mwenyewe ndiye aliyesimama mbele na kijiti mkononi kuwaongoza. Alikuwa mzee mrefu, mweupe, mwenye nyusi nyingi na sauti ya chini, na alimpa mkono kila mtu kuanzia Sheikh Mahrous mpaka bawabu.

Waliohudhuria walikuwa wazee watano wa mji, waliokuja kwa hisani ya Sheikh. Wakakaa wima na bakora zao. Bahati mbaya zamu zao za maji ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mashamba, zilikuwa alasiri ileile. Kipande cha kwanza kikiwa nusu, mmoja akatazama kivuli mlangoni, akaona saa yake ya kufungulia maji kwenye mitende imefika. Mtu muungwana haondoki bila ya kuaga. Akapanda jukwaani, akawapa mkono wapigaji wote kumi na sita, mmoja mmoja, na kila aliyepewa mkono ikabidi aweke upinde chini. Muziki ukawa unapungua upande mmoja na kuota upande mwingine. Baada yake akasimama wa pili, naye vilevile, na watatu waliobaki wakawafuata. Bwana Edvins alimaliza kipande kile na watu wawili ukumbini, mmoja wao bawabu.

Jumanne alikuja Sheikh Mahrous peke yake. Alilala usingizi wa kiofisi, macho wazi.

Yaarub akarudi nyumbani uso umemshuka. Kijana huyu Kiswahili chake alikiokota jikoni, hakukisomea.

"Mama, kiti zote iko tupu. Kesho ndo mwisho, na Sheikh anasema ripoti ikienda hivi, mimi khalas, nahamishwa."

"Viti vyote viko tupu," alisema Fawziya, ambaye hakuvumilia mambo hayo hata siku ya msiba. "Muziki gani wenyewe?"

"Ya Kizungu. Fidla."

Fawziya akauweka chini ungo wa mchele. "Fidla ngapi?"

"Nyingi. Kumi na kitu. Na mtunzi mwenyewe amekuja."

"Una fidla kumi na kitu na mtunzi mwenyewe mjini, unawaita wazee wa falaji? Wallahi wewe mtoto umekulia wapi?"

Jumatano asubuhi huwa ni soko la wanawake Ibra, mwanamume haingii. Bi Radhia alitumwa huko akiwa na ujumbe wake wa kwanza kwa miaka kumi na miwili usiokuwa wa matusi, na aliusema kwa raha zake zote: leo baada ya alasiri kuna taarabu, fidla tele, mtunzi katoka ng'ambo. Saa tisa na nusu ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa Kiunguja wa Ibra, na wa Samad, na wengine kutoka Nizwa waliokuja kununua nguo wakaahirisha safari. Walikuja na vikuba vya asumini, mirashi ya marashi, vyetezo vya udi. Fawziya alikaa safu ya pili. Azza alikaa safu ya pili. Bi Radhia katikati.

Mbele kabisa alikaa Bi Turkiya, mkubwa wao wote kwa umri, ambaye huko Unguja alikuwa mlezi wa chama cha taarabu cha wanawake na mpaka leo husikiliza muziki kama kadhi anavyosikiliza kesi. Akamwita Mwalimu Shukriya, msichana wa Kampala anayesomesha Kiingereza skulini hapo, aliyewekwa kuwa mkalimani.

"Shikamoo, bibi," alisema Shukriya.

"Marahaba. Mwimbaji yuko wapi?"

"Hayupo, bibi. Kwenye programu hakuna mwimbaji. Hii ni ya orkesta, ni kupiga tu."

"Na maneno?"

"Hayana maneno."

Bi Turkiya akageuka akawatazama wenziwe. "Hayana maneno," alisema. "Mtu huyu kamtungia nani hata akaona maneno yote ayatoe?"

Wanawake wakakaa sawasawa. Kwa kuwa taarabu ya Unguja, kwa asiyeijua, haisikilizwi kwa masikio tu. Mwanamke ana jambo na mtu, hawezi kumwambia usoni. Anangoja wimbo wenye jambo lile. Ukipigwa, anainuka, anatembea polepole kwa madaha mpaka mbele, anamtunza mpigaji kikuba au noti, na akigeuka anamtupia jicho yule anayemkusudia. Hapo wimbo umekuwa wake, na ujumbe umefika, na aliyetupiwa lazima ajibu au ameshindwa. Wimbo usiokuwa na maneno hawakuwahi kuusikia, lakini hawakuwa wajinga. Waliona mara moja kwamba fumbo limezidi.

Vipande viwili vya kwanza vilipita. Havikuwa na mtu. Cha tatu kwenye programu kiliandikwa nambari tu, arubaini na moja.

Kilianza na sello, zile fidla kubwa zinazoshikwa kwa magoti, nne kwa pamoja, chini kabisa. Sauti tatu, kisha kimya. Sauti tatu zilezile, kisha kimya. Zikaendelea hivyo bila haraka, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi na anajua fika kwamba wenyewe wamo ndani. Fawziya aliisikia ile hodi ikimgonga kifuani. Miaka kumi na miwili alikuwa anatafuta namna ya kulisema jambo lake, na Mzungu wa nchi isiyokuwapo kwenye ramani alikuwa amelisema.

Hakujua ameinuka saa ngapi. Alijikuta anatembea, mabega yanakwenda yenyewe, akapanda jukwaani, akamchomeka kikuba mpiga sello wa kwanza kwenye kifungo cha koti. Kijana wa watu akapigwa na butwaa, lakini alipiga. Fawziya akageuka akamtupia Azza jicho ambalo Bi Radhia, aliyekuwa katikati, aliinama kulikwepa.

Ukumbi ukaguna. Sello zikabisha tena, na safari hii fidla ndogo zikaingia juu, nyembamba, ndefu, zikipita juu ya ile hodi wala haziijibu. Zilipofika katikati Azza akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na hakuna aliyewahi kumwona akitunza tangu aje Oman. Akapita mbele ya nduguye, akamwekea asumini mpiga fidla wa mbele, mama mmoja mwenye mvi, begani kwake, palepale anapoegemeza kidevu. Kisha naye akageuka, akatazama. Lakini hakumtazama Fawziya kwa ukali. Alimtazama tu, na Fawziya hilo halikumpendeza hata kidogo.

Kuanzia hapo adabu ilikwisha. Waliokuwa upande wa Fawziya wakawatunza wa sello, waliokuwa upande wa Azza wakawatunza wa fidla, na ambao hawakuwa na upande wakapata. Bi Turkiya alipanda na mrashi akawanyunyizia wote marashi usoni, ndiyo heshima yenyewe, na mpiga viola mmoja akapiga chafya mpaka mwisho wa kipande. Kisha akachukua chetezo akakiingiza chini ya besi, ile fidla kubwa kuliko mtu, akaifukiza udi kama anavyofukizwa bibi harusi. Mwenye besi akaona moshi unamtokea mbele ya pua, akadhani chombo kinaungua. Akaendelea kupiga huku ametumbua macho, na wote walikubaliana baadaye kwamba pale ndipo alipopiga kwa moyo.

Kipande kilipomalizika wanawake wakasema kirudiwe. Kikarudiwa. Wakasema tena. Bwana Edvins alitaka kuendelea na nambari arubaini na mbili, akaambiwa hiyo ni ya watu wengine. Alikipiga kipande kile mara nne, mpaka ikakaribia magharibi, machozi yanamtiririka kwenye mashavu. Alimwambia Shukriya kwamba huko Ulaya watu husikiliza nambari arubaini na moja wakiwa wamefumba macho, na wengine hawayafumbui mpaka wakati wa kuchukua makoti. Miaka thelathini alikuwa hajaambiwa akirudie.

Sheikh Mahrous akapiga simu mji mkuu kueleza kwamba ukumbi umejaa na umma umedai marudio. Huko wakapitia majalada, wakaona Ibra kweli imo, wakaamuru siku moja iongezwe.

Alkhamisi asubuhi Fawziya aliamka akasikia ukutani sauti za masanduku yakiburutwa. Aliweka sikio. Alisikia gazeti likikunjwa, vikombe vikifungwa kimoja kimoja, na Azza akikohoa. Akasema moyoni kwamba leo atamtunza tena, atamkazia jicho mbele ya watu mpaka aseme. Alikuwa na hasira kweli, lakini chini ya hasira alikuwa anaogopa. Kesho saa hizi ukuta ule ungekuwa hauna mtu nyuma yake.

Alasiri ukumbi haukuwa na pa kuweka mguu. Hata wanaume walikuja, wakapewa nafasi nyuma, na waliokuwa na zamu za falaji walikuwa wameshabadilishana na jamaa zao. Ubishi ulikuwa mmoja: wimbo ni wa nani. Upande wa sello ulisema wimbo ni wa anayebisha, mwenye haki yake, anayefungiwa mlango. Upande wa fidla ulisema wimbo ni wa aliye juu, aliyenyamaza kwa sababu zake. Kwa desturi mambo yakifika hapo hakuna wa kuamua ila mtunzi, kwa sababu yeye anajua alimkusudia nani. Na bahati nzuri mtunzi alikuwepo, yu hai, kama jalada lilivyosema.

Bwana Edvins alikuwa ameshainua kijiti. Bi Turkiya akasimama na fimbo yake.

"Shukriya, mwambie kabla hajaanza atupe kauli. Wimbo huu alimtungia nani?"

Shukriya akatafsiri. Mzee akateremsha kijiti, akacheka kidogo, akasema maneno marefu.

"Anasema ni mambo ya sauti za chini na ukimya," alisema Shukriya. "Anasema ni kama risachi, utafiti, namna moja inavyo... sijui nisemeje. Anasema haina mtu."

"Mwambie sisi watu wazima."

"Bibi, huyu ni profesa."

"Mwambie hivyohivyo."

Shukriya akamwambia. Bwana Edvins aliwatazama wanawake wale, safu kwa safu, na hakuna aliyekohoa. Akatazama wapigaji wake, nao walikuwa wanamtazama, maana wao pia hawakuwahi kumwuliza. Kisha akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, akaanza kusema polepole, na Shukriya akamfuata.

"Anasema alikuwa na ndugu yake. Wakati wa vita, mwaka wa arubaini na nne, yeye alikimbilia Uswidi. Ndugu yake akabaki kwao. Miaka kumi na miwili hawakupata habari. Halafu ndugu yake akamletea barua, mstari mmoja tu: *Natumai huko unakula vizuri.*"

Wanawake wakaguna. Kijembe kile walikielewa.

"Anasema na yeye alikiona ni kijembe. Alikasirika. Hakujibu. Badala ya kujibu akatunga hii, na akaapa hatamwandikia mpaka yule aandike tena, aseme vizuri."

"Akaandika?" aliuliza Bi Turkiya.

Shukriya akauliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Hapana. Amekufa mwezi wa kumi na moja uliopita. Anasema sasa kila siku anaifikiria ile barua. Anasema, labda alikuwa anauliza tu."

Bi Radhia, ambaye hakuwa ametumwa na mtu, akaropoka, "Basi hizi za chini, zinazobisha, ni yeye. Na zile za juu zisizojibu ndiye nduguye?"

Shukriya akatafsiri hilo nalo. Bwana Edvins akatikisa kichwa.

"Anasema za chini ni yeye," alisema Shukriya. "Na za juu pia ni yeye. Anasema mle ndani hamna mtu mwingine."

Miaka kumi na miwili Fawziya alikuwa na uhakika nani anabisha na nani amefunga. Aligeuka. Azza alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, na katikati yao shingo ya Bi Radhia ilikuwa tayari imeanza kuzunguka, kwa mazoea, kungojea ujumbe.

Fawziya akainama mbele ya Bi Radhia, akamtazama nduguye.

"Azza," alisema. "Mama alikufa saa ngapi?"

Hakuna aliyependa kuonekana anasikiliza na hakuna aliyeacha kusikiliza.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sikuwepo." Sauti ilikuwa ndogo, si ya mtu mzima. "Nilikwenda foleni ya mchele tangu alfajiri. Siku zile ukiikosa foleni, hamli. Hakuwa mgonjwa, Fawziya. Nilimwachia chai yake, akaniambia nisichelewe. Nimerudi saa nane, keshakuwa baridi. Amekaa kitini, kikombe kipo mkononi. Kafa peke yake, na mimi ndiye niliyebaki ili asife peke yake." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilianza kukuandikia barua mara ngapi. Ningekwambia nini? Kila nilichoandika kilikuwa kinasema nilimwacha. Nikaandika lile moja lisilokuwa na mimi."

Jukwaani Bwana Edvins alimwuliza Shukriya kwa ishara kama aanze. Bi Turkiya akainua fimbo, angoje. Watu kumi na sita waliovaa nyeusi wakakaa na pinde zao mapajani. Sheikh Mahrous akaangalia programu, asione mahali palipoandikwa jambo hili, akaikunja akaitia mfukoni.

Fawziya alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alikuwa ameandaa majibu makali kwa miaka kumi na miwili, mengine mazuri sana, na yote yalimtoka kichwani kwa mara moja. Alitaka kuuliza nani alimkosha, wamemzika wapi, nani alishika jeneza. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Chai gani?"

"Ya mdalasini."

"Ulimtilia sukari? Mama alikuwa hanywi chai bila sukari."

"Sukari ilikuwa haipatikani mwaka ule," alisema Azza. "Alikuwa anainywa hivyohivyo. Hakulalamika."

Mwaka ule Fawziya alikuwa Dubai, na jikoni kwake alikuwa na gunia zima la sukari, ambalo lilipoingia sisimizi aliamrisha likamwagwe. Akajifunika uso kwa shela lake na kulia kwa sauti, mbele ya serikali na mbele ya orkesta, na Azza akamshika mkono. Bi Radhia akainuka katikati yao, akaenda kukaa kwingine.